Kimo cha Baba kwa Milimita

Usiku ule nililala nimenuna. Nimeinunia kompyuta, nimemnunia kaka yangu Hamisi, na ukinibana sana nitakiri kwamba nilimnunia hata marehemu baba, aliyeniachia karakana ya useremala bila kunifundisha kupima. Maisha yake yote, Fundi Omari alinipa msasa nisugue. Futi alimpa Hamisi.

Sasa mtu wa msasa ndiye aliyebaki karakanani. Hamisi randa ilimshinda, akaingia biashara ya simu, na baba alipofariki akatafuta mpangaji wa kuligeuza jengo letu duka la vigae. Nikamwomba aningoje. Kulikuwa na shule iliyotaka madawati sitini, ila walisema wanataka mchoro wa kompyuta, kwa sababu mbao zingekatwa na mashine, na mashine inakata kile ilichoandikiwa. Mchoro ufike Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Ukifika, karakana inabaki yetu. Usipofika, Hamisi anampa mtu wa vigae ufunguo. Tuliyakubali hayo mbele ya mama.

Basi mimi huyo, na miaka yangu arobaini na sita, nikaenda kujifunza kuchora kwa kompyuta. Mwalimu wangu alikuwa binti mdogo, Rehema, mpole mno. Siku ya kwanza nilichora ubao wa dawati kwa kuuvuta mstari na mausi mpaka nikaona umefika. Ulitakiwa milimita elfu moja na mia mbili. Mimi niliufikisha elfu moja mia moja tisini na saba na vichenji. Nikasema, "Si pametosha hapo?" Rehema akashika kona ya mchoro wangu, akaivuta, na ubao wote ukatanuka kama unga wa chapati.

"Bi Zainabu, huu haujashikwa na kitu," akasema. "Usiuvute. Bonyeza mstari, andika namba yake, utatulia. Ukitulia unageuka mweusi."

Mistari yangu ilikuwa ya bluu. Jumapili jioni nusu yake ilikuwa bado ya bluu, na nikirekebisha mmoja, mwingine unakimbia. Nikaifunga kompyuta kwa kishindo. Nikasema basi, wachukue, waweke vigae vyao, mimi nimechoka.

Nikalala.

Niko karakanani, mchana, vumbi la mbao linaelea juani. Baba kakaa juu ya meza ya kazi, kavaa msuli wake na fulana. Sikushtuka. Nikasema, "Shikamoo baba." Alikuwa kakunja magoti, kayakumbatia, anayasugua kwa viganja.

"Magoti yananiuma, mama," akasema. Aliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa jina nililopewa ni la mama yake.

Nikajua papo hapo analosema, na hapa lazima nieleze, maana nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi. Siku ya msiba, wachimbaji waliagiza kipimo. Kwetu maiti hupimwa kwa ufito, kutoka kichwani hadi kisiginoni, na ufito huo hupelekwa makaburini ili mwanandani, pale ubavuni mwa kaburi anapolazwa mtu, uchimbwe kwa kimo chake. Mimi niliukata ufito. Hamisi akanizuia mlangoni. "Zainabu, hili si la wanawake. Na ufito wa nini? Mimi na baba tumelingana. Wachimbe kimo changu."

Hawakulingana! Baba alimzidi kiganja kizima. Jeneza lilipofika, mwanandani ukawa mfupi, na baba yangu, fundi ambaye mlango wake haukuwahi kukwaruza sakafu ya mtu, akawekwa kando juani watu wakichimba upya. Binamu yangu ndiye aliyeninong'oneza. Hamisi hajasema neno mpaka leo.

Sasa baba kalala. Sijui alilala saa ngapi. Meza imekuwa kioo cha kompyuta, naye yumo ndani ya mistari minne ya bluu, kichwa kimegusa mstari wa juu na miguu imekosa pa kwenda. Nauvuta mstari wa chini kwa kidole. Unakuja, lakini na ukuta wa karakana unakuja nao, na paa linapinda, na nikiuachia unarudi pale pale. Nauvuta tena. Watu wamesimama pembeni na udongo mikononi, na mbele yao kaka yangu, kavaa kanzu ya msiba.

"Karibu tu," anasema Hamisi. "Fukieni."

Wallahi nilipiga kelele. "Hakuna kufukia! Mtu hafukiwi kwa karibu tu!" Wakatulia. Nikamgeukia baba, na badala ya kumhurumia hasira zote zikamwangukia yeye. Hata ndotoni sina adabu.

"Na wewe! Mbona hukunifundisha kupima? Miaka yote nasugua mbao zako mpaka vidole vinatoka damu, futi unampa huyu! Unaona sasa alivyokupima?"

Akasema, taratibu, macho kayaelekeza juu:

"Nilimfundisha asiyetaka. Nipime wewe."

Futi ninayo, sijui ilitoka wapi. Naishika kichwani pake, naivuta begani, nyongani, kwenye yale magoti, ambayo yananyooka kadiri ninavyoshuka, mpaka kisiginoni. Elfu moja mia nane na ishirini. Sikusema karibu na mia nane. Nikabonyeza mstari, nikaandika, moja, nane, mbili, sifuri, na mstari ukawa mweusi.

Hamisi akainua mguu akausukuma. Haukusogea. Akausukuma tena kwa nguvu, kanzu ikampanda magotini, wapi!

Baba kanyooka. Uso wake umelainika kama siku za Ijumaa baada ya kuoga. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ndoto ianze.

"Mwambie kaka yako," akasema, "sikuwa kimo chake."

Nikaamka. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha, na hasira ilikuwa pale pale, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. Msikitini walikuwa wanaadhini. Nikaswali, nikafungua kompyuta, nikaanza na dawati langu upya. Sikuvuta hata mstari mmoja. Kila upande niliubonyeza, nikauandikia namba yake, nikangoja ugeuke mweusi ndipo niende kwa wa pili. Mguu wa nyuma ulinisumbua, nikautukana, nikaupima kwenye dawati la zamani lililokuwa uani, nikarudi nikauandika. Saa mbili na nusu hakukuwa na bluu mahali popote. Nikautuma mchoro. Saa tatu shule wakajibu kwamba wameupokea, na mashine imeusoma bila tatizo.

Saa tatu na nusu nilikuwa karakanani, Hamisi akaingia na mtu wa vigae, na yule bwana alishaanza kuhesabu hatua ukutani, moja, mbili, tatu, apate upana.

"Mchoro umekwenda, kaka," nikasema.

"Wa kwako?" Akacheka. "Si watakurudishia."

"Wameshaupokea, na mashine imekubali." Nikamwonyesha ujumbe. Akausoma mara mbili. Akafungua mdomo aseme jingine, namjua, la kwanza likigoma huwa analo la pili, nami sikumngoja.

"Na baba kanijia usiku. Ana ujumbe wako."

"Baba? Amesema nini?"

"Amesema nikwambie hakuwa kimo chako."

Akashika ukingo wa meza ya kazi, akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanacheza. Siku nyingine ningemwonea huruma, ni kaka yangu. Siku ile sikuweza. Nilisimama nimekunja mikono, nikamtazama mpaka alipojipangusa uso na kumgeukia mgeni wake.

"Bwana, acha kuhesabu," akamwambia. "Hapa hapapangishwi."