Kitenge Kilichorudishwa

Kwetu Bukavu, Sikukuu ya Ekaristi ikifika, hakuna mwanamke anayekubali Yesu apite juu ya lami tupu. Padre akitokea na Sakramenti, akina mama wanafungua vitenge vyao vya juu na kuvitandika barabarani. Kitenge kilichopitiwa hakifanywi nguo ya jikoni. Ndicho anachofunikwa mgonjwa.

Mama yangu alikuwa anangoja upasuaji. Aliniomba jambo moja tu: kile kitenge alichonipa siku ninaondoka nikitandike kwenye maandamano ya huku Stockholm, kisha nimpe jirani yangu wa Fisksätra, aliyekuwa anasafiri kwenda Bukavu Jumatatu, ampelekee. Nikamwahidi. Kutandika kitambaa na kukiokota, kazi gani hiyo?

Baada ya misa tukatoka barabarani. Wakongomani na Warundi tulikuwa wengi, na kwenye chai ya parokia tulikuwa tumekubaliana sote kutandika. Sasa kila mmoja alikumbatia mkoba wake kana kwamba ndani hamna kitu. Waswidi waliokaa nje ya mkahawa walitutazama kwa ile adabu yao ya kujifanya hawatazami. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alivuka akasimama upande wa pili.

Nikapiga moyo konde, nikatandika peke yangu. Nikaanza na kigelegele, nikakikatiza katikati.

Padre alikuwa bado hatua chache nyuma. Mzee wa Kiswidi mwenye kizibao cha njano, aliyekuwa akiwaongoza waumini, akaja mbio. Akakiokota kitenge, akakikung'uta vumbi, akakikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akaniambia kwa Kiswidi kwamba nimeangusha kitu. Alikuwa mwema kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenifokea, ningemjibu.

"Tack," nikasema. Asante.

Yesu akapita juu ya lami. Nilipiga magoti nimekumbatia kitenge, uso unaniwaka. Sikumwonea haya yule mzee, wala wale wa kahawa. Nilijionea haya mwenyewe, jinsi ile asante ilivyonitoka upesi.

Jioni mama akapiga simu. Binti yangu alimsalimia koko wake, yaani bibi yake, kwanza, kisha akaiweka simu mezani, sauti wazi, akaendelea kula. Mama akaniuliza kama Yesu alipita.

"Alipita, mama."

Akashukuru, akashukuru tena. Alisema sasa haogopi kisu cha daktari. Simu ilipokatika nikakikunjua kitenge, nikaanza kukikunja upya kwa ajili ya safari, ingawa hakikuwa na kasoro.

Binti yangu hunijibu Kiswidi, hata nimbembeleze vipi. Safari hii aliweka uma chini, akatafuta maneno kwa muda, akayapata kwa Kiswahili.

"Mama, koko akiniuliza mimi, niseme alipita?"