Farasi Mwenye Akaunti Yake

Nilipoambiwa kwamba katika benki yetu kuna farasi wenye akaunti, nilidhani nataniwa kama mgeni wa ofisi. Nilikuwa nimetoka tawi la kawaida kule Woodbridge, hapa Amerika, ambako Ijumaa watu walipanga foleni hadi mlangoni, nikahamishiwa ofisi moja karibu na Falls Church inayohudumia matajiri peke yao. Huko hapakuwa na foleni wala dirisha la kioo. Kulikuwa na zulia lililomeza sauti ya viatu, maua mabichi mezani, na simu. Mteja akipiga, alitaka kusikia sauti ya mtu anayemfahamu.

Kitengo chetu kiliwahudumia pia wenye farasi wa mashindano. Farasi alifunguliwa akaunti kwa jina lake. Akishinda, zawadi iliingia humo, na humo humo ndimo alimolipwa mkufunzi, daktari, fundi wa kwato na dereva wa lori la kumsafirisha. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Nyandarua. Kwetu ng'ombe ndiye aliyetulipia karo, kwa hiyo mnyama anayelipiwa namna hiyo alinishangaza kuliko majumba yote niliyoyaona Amerika.

Mteja niliyezungumza naye sana alikuwa mama mjane, mzee, mwenye shamba kule Loudoun. Alikuwa na farasi jike mmoja tu aliyebaki kati ya wale aliowafuga na marehemu mumewe. Hatukuwahi kuonana. Alikuwa mtu wa maneno machache: atasema anachotaka, atashukuru, atakata simu.

Siku moja mchana alipiga, na sauti haikuwa ile niliyoizoea.

"Niko hospitali ya wanyama," alisema. "Utumbo wa farasi wangu umejisokota. Wanataka kumpasua sasa hivi, lakini malipo yamekataa."

Mfumo wetu ulikuwa umeyazuia kwa sababu ya ukubwa wake. Nilimwendea bosi wangu, akaidhinisha palepale, nami nikakaa kwenye simu mpaka mtu wa hospitali akathibitisha kwamba yamepita. Nikamwambia, "Tayari, mama. Wanaweza kuanza."

Nilingoja akate. Hakukata. Nilisikia akivuta pumzi, na nyuma yake mlango mzito ukifungwa.

"Wewe unajua chochote kuhusu farasi?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mimi najua ng'ombe."

"Basi niambie habari za ng'ombe."

Nikatazama huku na huku. Wenzangu walikuwa kwenye kompyuta zao. Nikashusha sauti nikamsimulia jinsi mtamba wa baba alivyovimba tumbo nikiwa mdogo, akaanguka kando ya boma, na sisi sote tukamzunguka kwenye baridi. Mama yangu alikishika kichwa cha mtamba yule akawa anamsemesha kama mtoto mwenye homa. Baba alimnywesha mafuta ya kupikia kwa chupa, akamkanda ubavuni kwa muda mrefu.

"Akafa?"

"Alisimama, mama. Alisimama akaanza kula nyasi, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa wagonjwa."

Alicheka kidogo, kisha akalia. Nikaendelea tu kusimulia: maziwa, baridi ya asubuhi, njia ya kwenda mtoni. Baada ya saa nyingi nikasikia sauti ya mwanamume ikimwambia kwamba farasi ameamka. Hapo ndipo simu ilipokatika.

Miezi ilipita. Majira ya kuchipua alipiga akanialika shambani, na akasisitiza nilete familia. Jumamosi tukaondoka, mimi, mke wangu ambaye ni nesi, na binti yetu ambaye hutusikia kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Tulipita Sterling na maghala makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha, kisha ghafla kukawa na vilima, kuta za mawe na majani mabichi hadi upeo wa macho.

Mama yule alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani, amevaa mabuti yenye matope. Zizi lake lilikuwa safi kuliko nyumba yetu.

"Hatashindana tena," alitwambia. "Watu waliniambia nimetupa pesa. Labda."

Akafungua lango.

Nilikuwa nimeshaona farasi wa polisi mjini, lakini sikuwa nimemwona farasi akikimbia kwa kupenda kwake. Alitoka taratibu, akanusa upepo, kisha akatimua mbio. Ardhi ilinguruma chini ya viatu vyangu. Ngozi yake ya hudhurungi ilimetameta, na alipogeuka niliona kovu refu tumboni. Hapakuwa na mpanda farasi mgongoni wala saa ya kumpima. Mke wangu alinishika mkono akasema polepole, "Bwana asifiwe."

Farasi alikuja mpaka kwenye uzio. Mama mzee alichukua mkono wangu akauweka kifuani pa farasi. Moyo ule ulipiga kwa nguvu na kwa nafasi, mkubwa kuliko chochote nilichowahi kugusa kikiwa hai. Niliacha mkono wangu hapo mpaka farasi mwenyewe alipochoka nami akaenda kula majani.