Koti la Jumbe na Makaburi ya Mianzini

Baba yangu aliutaka ujumbe, yaani ukuu wa kijiji, kwa uchu ambao, kwa mzee wa kanisa, ulitia aibu kidogo. Na kijiji chenyewe kilikuwa kitu gani? Nyumba zilizotawanyika mgongoni mwa kilima kati ya Makambako na Mdandu, watu wachache hivi kwamba mmoja akikohoa, wote wanampa pole. Kazi ya jumbe ilikuwa kuwasumbua hao hao: awadai kodi ya Mwingereza, awatoe kulima barabara, aamue mbuzi wa nani kala mahindi ya nani. Lakini jumbe alipewa koti la kaki, na baba aliliota lile koti.

Jumbe wa zamani alipofariki, Bwana Shauri, afisa wa serikali, akaja kutoka Njombe. Mzungu huyu alipenda historia kuliko chai. Alisema ujumbe ni haki ya ukoo uliofika kwanza, kwa hiyo tumweleze nani alitangulia kufika. Yeye mwenyewe alikuwa amefika juzi tu na ndiye aliyekuwa akiamua, lakini hilo hakuna aliyemuuliza.

Baba akasema ni sisi. Jirani yetu, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, ambaye hakuwahi kuingia kanisani hata kujikinga mvua, akasema ni wao. Wote wawili walitaja ushahidi ule ule: makaburi ya mianzini, walikozikwa waliofika kwanza.

"Basi twende huko," akasema Bwana Shauri.

Tangu abatizwe, baba alikuwa amepiga marufuku mtu wa nyumbani kwetu kukanyaga kule. Kwa desturi yetu, mwenye makaburi hujulikana kwa jambo moja: humwaga pombe, akawaita waliolala pale kwa majina na kuwaambia nani amekuja. Mtu wa kando hathubutu. Na mzee wa kanisa akithubutu, anatengwa: hashiriki meza ya Bwana, na anahamia benchi la nyuma. Mchungaji naye alikuwapo, amekuja kumuunga mkono mzee wake, akipandisha suruali isiguse matope.

Akiita, baba anapata koti na kupoteza kanisa. Akinyamaza, mgema anachukua yote. Mimi, binti yake mkubwa, nilimhurumia na kumcheka kwa pamoja.

Tulikuta pamefagiwa vizuri. Mgema akatikisa kibuyu chake cha ulanzi, akaanza. Akamwita babu yetu, akamfanya wake. Akamwita baba wa babu. Baba anatazama viatu vyake. Kisha akafika kwenye kaburi dogo la pembeni, la mama yake baba, aliyefariki baba akiwa bado mdogo.

"Bibi yangu mpenzi," akasema mgema.

Baba akampokonya kibuyu. Akamwaga kwa pupa hadi ulanzi ukaloanisha soksi za Bwana Shauri.

"Mama," akasema kwa Kibena, "usimsikilize huyu mlevi. Ni mimi."

Akaendelea. Akamweleza habari za mke aliyeoa, za ng'ombe, za watoto. Akanivuta mkono: huyu ndiye amechukua sura yako. Alikuwa amewasahau wote, mchungaji na koti pia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na sikupenda, maana nami nilianza.

Mgema akachukua kibuyu chake, akachungulia ndani kuona kilichobaki.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nimechoka kukupalilia makaburi yako."

Baba akapata koti, mikono ikimfunika vidole. Jumapili akaitwa mbele atubu.

"Natubu ulanzi," akasema.

"Na kumwita marehemu?" akauliza mchungaji.

"Yule ni mama yangu, mchungaji. Hilo silitubu."

Akahamia benchi la nyuma na kaki yake, katikati ya mwizi wa kuku na bwana mwenye wake watatu, na kwa miaka yote iliyobaki aliimba pale kwa sauti ya kuishinda kwaya.

Alifariki bado jumbe, bado ametengwa. Mchungaji akasema makaburi ya kanisa yamejaa, ingawa palikuwa na nafasi ya kuchungia kondoo. Tukampeleka mianzini. Ulipofika wakati wa kumtambulisha, ndugu zangu, wabatizwa wote, wakatazama viatu vyao. Mgema, mzee sasa, akasogea na kibuyu. Nilidhani ataita yeye. Akaniwekea mkononi.

"Huyu si wangu," akasema.

Nikamwaga kwenye lile kaburi dogo. "Bibi, mtoto wako amekuja. Mpokee. Akianza habari za koti, mnyamazishe."

Jumapili iliyofuata sikungoja kuambiwa. Nilikwenda moja kwa moja benchi la nyuma, mwizi wa kuku akasogea kunipisha, nikakaa mahali pa baba.