Kosa la Arobaini na Moja

Wadau, nimepoteza kazi kwa sababu ya makosa niliyoyaweka mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa makusudi kabisa.

Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ucheke kama bado utaweza.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni ya hesabu. Ni yule anayekuja nyumbani kwenu jioni na begi mgongoni, anavua viatu mlangoni, anakaa na mtoto kwenye meza ya chakula huku televisheni imezimwa kwa lazima na nyumba nzima imenuna. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja.

Mwaka juzi nilikuwa na nyumba tisa. Kisha hii akili mnemba ikaingia kwenye simu za watu, na wazazi wakaanza mmoja mmoja.

"Mwalimu, tupumzike kidogo."

"Mwalimu, tutakutafuta."

Nani alinitafuta? Hata wa kunisalimia sikumpata.

Nina rafiki tunamwita Fizikia, kwa sababu ndilo somo alilokuwa akifundisha. Yeye alisoma alama za nyakati mapema, akaenda kupaka rangi majumba. Siku anauaga ualimu aliniambia, "Ndugu yangu, simu itafundisha, itaimba, itaandika hadi barua ya mapenzi. Lakini haiwezi kupanda ngazi na ndoo ya rangi." Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka.

Kufikia mwezi uliopita nilikuwa nimebaki na nyumba moja. Moja tu, wadau. Ikiondoka hiyo, mimi si mwalimu tena, ni mtu mwenye begi.

Nyumba yenyewe ni ya mama mmoja mfamasia, mwenye duka lake la dawa, na binti yake wa miaka kumi na tatu. Huyo binti nilimpachika jina la Wakili. Ukimwambia mbili na mbili ni nne, anataka ushahidi. Mtihani wake mkubwa ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Sasa sikilizeni mbinu yangu, maana kisa chote kimelala hapo.

Kila somo huwa naandika maelezo mwenyewe kwenye daftari la mwanafunzi, na ndani yake naficha kosa. Moja, si mawili. Kazi ya mwanafunzi ni kuliwinda. Akilipata ananiambia, tunalisahihisha kwa mdomo, lakini daftarini haligusi. Nataka akirudi kujisomea alikute palepale linamsubiri, macho yasilale.

Siku moja niliandika 3/4 jumlisha 1/8 ni 4/12. Wakili akapiga meza kwa kiganja.

"Pingamizi!"

Nilimpenda mtoto yule kama wa dada yangu.

Nikamwahidi kwamba akiyakusanya makosa yote ya mwaka bila kuacha hata moja, nitampandisha cheo, awe Jaji. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Jumanne moja nimefika, nimevua viatu, nakuta mezani hakuna Wakili. Yupo mama yake, bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Mbele yake kuna daftari na karatasi tatu zilizochapwa.

"Karibu, mwalimu. Kaa."

"Ahsante, mama. Wakili yuko wapi?"

"Atakuja. Kwanza nieleze hii."

Nikasoma kichwa cha karatasi ya kwanza: Makosa yaliyopatikana, 41. Chini yake kila kosa na namba ya somo lake, na sahihisho pembeni, limepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kupanga mimi.

"Mwanangu amepiga picha daftari lote, akaiambia simu itafute makosa," mama akasema. "Karatasi nimezikuta kwenye mashine ya kuchapa pale dukani kwangu. Mwalimu, mimi nikikosea dozi mara moja, mtu anazikwa. Wewe umekosea mara arobaini na moja, na kila wiki nakufungulia mlango?"

Mwanzoni nilicheka. Nilicheka kwa nafuu, maana nilijua jibu ninalo.

"Mama, hayo yote ni ya makusudi!"

Likatoka. Nikalisikia mwenyewe lilivyo. Mama akaniangalia kama anavyomwangalia mteja aliyeleta cheti cha daktari alichojiandikia mwenyewe.

Ndipo Wakili akachomoka chumbani, karibu ateleze.

"Ni kweli, mama! Ni mchezo wetu. Kila somo lina kosa moja. Nilitaka kuyapata yote niwe Jaji!"

Mungu ambariki mtoto yule. Nilihisi damu inarudi usoni.

Lakini mfamasia ni mtu wa kuhesabu vidonge. Hakubishana. Alivuta daftari, akalamba kidole, akaanza kufunua somo moja baada ya jingine, midomo ikicheza bila sauti. Sisi wawili tulisimama tukimtazama.

"Masomo ni arobaini," akasema. "Makosa ni arobaini na moja."

Akarudisha kurasa nyuma.

"Somo la ishirini na sita lina mawili."

Akanigeuzia daftari. Ulikuwa mwandiko wangu. Gari limekwenda mji wa pili kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa 40. Wastani wa mwendo wake ni 50.

Nikapiga hesabu kichwani. Tuseme njia ni kilomita 120. Kwenda saa mbili, kurudi saa tatu. Kilomita 240 kwa saa tano.

Arobaini na nane.

Nikarudia. Arobaini na nane.

Wadau, swali hilo nimelifundisha miaka kumi na moja, nyumba kwa nyumba, na kila mtoto nimemwambia hamsini. Nilichukua sitini na arobaini nikagawa kwa mbili, nikapita, sikuwahi kugeuka nyuma.

"Na hili, mwalimu?"

Nyumba ya mwisho. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Hilo pia ni la makusudi, mama," nikasema. "Niliongeza ugumu kidogo."

Wakili akaniangalia.

Najua alichokuwa anakumbuka, maana mimi pia nilikikumbuka wakati uleule. Siku ya somo lile aliinua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, una uhakika ni hamsini?" Nami nikamjibu, "Nina uhakika, Wakili. Kosa la leo umeshalipata. Twende mbele."

Mama akamgeukia. "Ni kweli anavyosema?"

Mtoto anayetaka ushahidi wa mbili na mbili alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama chini.

"Sijui, mama."

Basi. Mama hakupaza sauti hata kidogo. Afadhali angepaza. Alikunja zile karatasi akasema kwa upole, "Mwalimu, tupumzike kidogo."

Kumwomba niliona aibu. Kusema ukweli niliona nimechelewa, kumbe nilichelewa kwa dakika moja tu.

Wakili akanisindikiza hadi mlangoni. Nikawa navaa viatu, na uchungu ukanipanda, nikauliza swali ambalo mtu mzima hapaswi kumuuliza mtoto.

"Na hiyo simu yako, yenyewe haikosei?"

"Inakosea sana, mwalimu. Juzi imekosea kugawanya."

Sitaficha, nilifurahi.

"Ee! Sasa ukiiambia imekosea, inafanyaje?"

Akafikiri kidogo.

"Inasema samahani, nimekosea, tuanze upya."

Hakusema kwa ubaya. Alinijibu tu nilichouliza. Mimi nikaendelea kufunga kamba za viatu, zikakataa kufungika, na yeye akasubiri kwa adabu mpaka nikamaliza.

Siku hizi nipo kwa Fizikia. Nashika ngazi, yeye anapaka. Ananitania kwamba angalau ukuta hauulizi kama una uhakika. Huwa nacheka kidogo, kisha naendelea kushika ngazi.

Walimu wenzangu, mkiniuliza kazi yetu itafika wapi, sijui. Pengine hata bila kosa lile ningeondoka tu, wiki moja baadaye. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na kitu kimoja pale mezani ambacho simu haikuweza kuninyang'anya, yule mtoto kuniamini, na nilikitoa mwenyewe ili nisionekane mjinga mbele ya mama yake.

Na ninyi mliowahi kukaa na mimi mezani, miaka hiyo kumi na moja, popote mlipo. Lile swali la gari, kwenda kwa sitini, kurudi kwa arobaini.

Jibu ni arobaini na nane. Samahani. Nilikosea.