Jiwe la Mzee Marwa kwenye Ramani ya Udongo

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, yakikauka polepole sakafuni, ndiyo inayonirudisha Kenyamonta kila ninapoikumbuka likizo ile. Wengine hukunja pua, shauri yao. Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kwetu Nyarero kuja kukaa na Bibi Nyangi, mama yake baba, na kila alfajiri aliisiriba nyumba yake kwa kiganja huku ukungu ukiwa bado umelala juu ya mihogo. Mwezi ule wote naukumbuka kama kitu nilichokiota. Kengele za ng'ombe zinasikika lakini ng'ombe hawaonekani, uji wa wimbi unatokota, na Bibi anasema peke yake kwa Kikurya, nusu anaomba, nusu anagomba. Maana alikuwa mtu wa kugomba hasa. Aligombana na kuku, akagombana na mvua kwa kuchelewa, na ilipokuja akagombana nayo kwa kuzidi.

Kulikuwa na mahali ambapo watu wazima hawakupataja kwa jina. Walisema "kule" tu, na kidevu kikielekea mashariki. Kule ndiko walikoishi kabla ya kuambiwa wahame kupisha hifadhi ya wanyama, baba yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Malori yalikuja, kilichoingia kikaingia, kilichobaki kikabaki, na siku hizi wenyeji wa kule ni nyumbu na pundamilia. Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe aliyeletwa na serikali kufundisha kwetu akasahau kurudi kwao, alikuwa amekusanya vitu vya waliohamishwa akaviweka kwenye nyumba ya msonge huko Nyansurura. Watu wakaiita makumbusho. Bibi hakutaka kuisikia. "Nitembee mpaka Nyansurura kuangalia vibuyu?" alisema. "Vibuyu ninavyo."

Kilichomwondoa nyumbani ni maneno ya gulioni. Tulisikia kwamba ndani ya makumbusho kuna ramani ya kule iliyofinyangwa kwa udongo, na kila aliyeishi huko anaweka jiwe pale nyumba yake ilipokuwa. Tena Mzee Marwa, aliyekuwa jirani yake Bibi kule, ameweka jiwe lake ng'ambo ya kijito, upande wa Bibi. Ungecheka. Ardhi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikanyaga, na bado Bibi alivaa khanga yake ya kanisani kwenda kuupigania mpaka wake. Alinyamaza njia nzima, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulipokaribia kufika ndipo akaniambia, akiwa mbele yangu, bila kugeuka, kwamba nyuma ya nyumba yake kule amelala Robhi, mtoto wake wa kwanza, aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Hakuna picha yake wala msalaba. Marwa akiweka boma lake pale, alisema, basi watakaokuja watajua palilala ng'ombe, hawatajua palilala mtoto. Mimi sikuwa nimewahi kujua kwamba nilikuwa na shangazi.

Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, na mwanga ulichuja kwenye nyasi za paa ukadondoka vipandevipande juu ya vitu: vigoda, majembe yaliyolika, kitanda cha ngozi, sanduku la bati lenye kufuli bila ufunguo. Katikati ya sakafu ilitandazwa kule yenyewe. Vilima vilinifika magotini. Kijito kilichorwa kwa majivu, njia za ng'ombe zilikatwa kwa kijiti, na mawe madogo yalikaa kila mahali, kama kuku wanaolalia. Nikaona nikikodoa macho kidogo ningeona moshi ukitoka. Bibi alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka ukingoni taratibu, midomo ikitaja majina ya wenye nyumba, na wengi wao walikuwa marehemu. Kisha akasimama, akanyoosha kidole. Ng'ambo ya kijito, karibu na mkuyu uliotengenezwa kwa kijitawi, lilikuwapo jiwe jeusi peke yake.

Alitaka kuliondoa papo hapo. Mwalimu Sanga akamzuia kwa adabu, "Mama yangu, sheria yetu ni moja. Jiwe haliondolewi mpaka mwenyewe aje." Bibi akamjibu kwamba ni ajabu mtu wa Njombe kumtungia sheria ya kwao, lakini akaketi kwenye mkeka kusubiri, na mtu akatumwa kwa baiskeli. Mzee Marwa alifika jua likiwa utosini, mrefu, amepinda, anaburuta mguu mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akinishika kichwa. Halafu akamgeukia Bibi akamwita Mama Robhi. Kwa watu wote Bibi alikuwa Mama Chacha, jina la baba yangu. Lile lingine sikuwahi kulisikia, na nadhani hata yeye alikuwa hajalisikia miaka na miaka, kwa sababu badala ya kugomba alinyoosha tu kidole kwenye jiwe jeusi.

"Lile si la nyumba yangu," Mzee Marwa alisema, na akaonyesha jiwe jingine, la kwake, upande wake wa kijito, pale pale Bibi alipotaka liwe. "Kaburi lile nililichimba mimi. Udongo una mawe, mpini ulinivunjikia. Nikaona wewe huji, na mimi nazeeka. Nikaogopa mtoto atasahaulika."

Bibi alilia. Hakulia kwa sauti. Alijifunika uso kwa khanga akawa anatikisika, na mimi, kwa kutojua la kufanya, nikashika ncha ya khanga hiyo. Baadaye aliokota changarawe mlangoni, akaiweka karibu na jiwe jeusi, kwa ajili ya nyumba yake. Jiwe la Marwa hakuligusa. Miaka ilipopita, mwalimu wetu wa Nyarero alipotufundisha methali kwamba asiye na mwana aeleke jiwe, darasa lilicheka, mimi sikuweza.

Wote wawili wamekwisha kufariki, na makumbusho sasa yana bati na sakafu ya saruji. Mimi nina kiwanja Tarime mjini, chenye hati na vigingi pembe zote nne. Mwaka huu jirani yangu alijenga ukuta ukaingia kwangu nusu futi. Nilimpeleka kwenye baraza la ardhi, nikiwa na futi ya chuma mkobani, na nikashinda. Nilirudi nyumbani nikiimba. Kesho yake, nikipiga deki vigae vyangu visivyonuka kitu, niliwasikia watoto wake wakicheza ng'ambo ya ukuta, nikagundua kwamba katika miaka saba sijawahi kujua hata mmoja anaitwa nani. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikaweka dekio chini, nikaenda kugonga geti lake, nikamwomba anitajie majina ya watoto wake.

Alifungua geti nusu tu, mkono ukiwa bado kwenye komeo. "Kwani wamefanya nini?" akauliza.