Mashine inakitaka kidole kilichokufa ganzi

Saa kumi jioni zamu imekwisha, na Mama Povu anagombana na ukuta. Kwenye ukuta huo, kando ya mlango wa wafanyakazi wa hoteli anakoosha vyombo, imepachikwa mashine ya kusoma alama za vidole. Anabonyeza kidole gumba. "Jaribu tena," inasema mashine. Anajifuta kwenye sketi, anabonyeza cha shahada. "Jaribu tena."

Nyuma yake foleni ya wapishi na wahudumu imeshaanza kuguna. Wao hugusa mara moja wakaenda zao. Yeye ametoka kwenye sinki alikoshinda tangu asubuhi, na vidole vimejikunja kama zabibu kavu. Mashine inavijua vidole laini alivyosajili siku ya kwanza. Hivi haivijui.

Kwa hoteli hiyo, asiyetambuliwa wakati wa kutoka ametoroka kazini. Mwanamke huyu wa makamo, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa kuwa povu halimkauki hata usoni, ameshaonywa mara mbili kwa kulitoroka sinki ambalo hajawahi kuliacha. Akionywa tena, kazi hana.

"Nimetoroka vipi na sahani zote zinang'aa?" anauliza. "Zilijiosha?"

Si kwamba alikaa bure. Mwenzake mmoja alimshauri apake limau. Mwingine akaapa kwamba ni mafuta ya masufuria yaliyomganda vidoleni. Mama Povu akachukua waya ule ule wa kusugulia masufuria, akajisugua mpaka akatoka damu. Mashine ikamwambia ajaribu tena.

Msimamizi naye akamwambia avae glavu. Glavu anazo, na anazigeuza ili zionekane vizuri: zimetoboka kwenye ncha zote, maji yanaingia na hayatoki. Ameomba nyingine hadi ulimi umechoka.

Aliyemfumbua macho ni muuguzi wa zahanati, siku alipopitia huko kutoka kazini kufungwa vidonda, vidole vikiwa bado vimelowa na kujikunja. Muuguzi alimweleza kwamba ngozi haijikunji kwa kulowa tu. Neva huiamuru mishipa midogo ya damu isinyae, nyama ya ndani ikapungua, ngozi ikabaki kubwa kuliko inachokifunika. Kidole kinachojikunja ni kizima. Kisha akauliza mbona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimebaki laini.

Jibu lake linachefua. Miaka michache iliyopita bilauri ilivunjikia ndani ya sinki hilo hilo, ikakikata kidole hicho hadi kwenye neva. Kikafungwa kwa kitambaa cha kufutia sahani, na mwenye kidole akarudishwa kuosha. Tangu siku hiyo hakihisi moto wala baridi, na maji hayakikunji.

Alipomsimulia msimamizi, alitarajia pole. Msimamizi akafurahi. Akamwambia basi wasajili hicho, yaishe, na akampa mpaka Jumatatu awe amekubali.

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, msimamizi huyo alisema mashine haibagui mtu, na kwamba wafanyakazi wengine hawalalamiki. Ni kweli, wahudumu hawalalamiki. Hawaoshi vyombo.

Nyumbani, bintiye anamsihi akubali. Anamkumbusha kwamba kidole hakitamuuma, na kwamba kazi ikipotea hawana pa kushika. Mama Povu anamsikiliza hadi mwisho, kisha anabamiza mlango wa kabati. Chumba cha kuoshea kina wanawake wanne, na watatu kati yao vidole vyao vyote ni vizima. Kwa hiyo vyote vinajikunja, na wote watatu wameshaitwa watoro.

Jumatatu, zamu ikiisha, wanne hao watatoka kwenye sinki moja kwa moja hadi ofisi ya kazi iliyo mtaa wa pili, kabla ngozi haijanyooka, ili afisa ajionee. Wanataka glavu nzima, na wanataka wasaini mahudhurio kwa kalamu. Kidole cha kushoto hakitasajiliwa.

"Hiki wamekiua wao," anasema Mama Povu, akikibonyeza kwa ukucha bila kukunja uso. "Nikiwapa, wenzangu nitawaambia nini? Na wao wakatwe, ndiyo waonekane wamekuja kazini?"