Kipimo cha Jiweni

Ndau ina mtandao, ila upo juu ya jiwe. Ni mwamba wa matumbawe ulioinuka ufukweni, upande unaotazama Kizingitini, kimo cha mtu mzima. Ukipanda juu yake simu hushika mnara ulio kisiwa cha pili. Ukishuka hupati kitu. Nyumbani kwangu, ambako nimekaa tangu nilipoolewa kutoka Amu, mjini Lamu, simu ni saa na tochi. Sisi husema "nakwenda jiweni" kama watu wa miji mingine wasemavyo nakwenda sokoni.

Jiwe lina adabu zake, na ningependa zijulikane, maana sisi si watu ovyo. Asubuhi ni la wanawake, baada ya alasiri ni la wanaume. Mwenye kupiga simu hupanda, na walio chini humpa mgongo na kuzungumza yao kwa sauti ili wasimsikie. Posa, talaka na misiba ya kisiwa kizima imepita pale, na sijapata kusikia siri iliyovuja. Hata mimi, ambaye ulimi wangu unajulikana, jiweni hujifanya kiziwi.

Tuna binti mmoja, wa pekee, na alipoolewa alikwenda kukaa Mombasa. Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti huja kuzalia kwa mama yake na kukaa arubaini yake hapo, akikandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga, mpaka mume aje kumchukua na mtoto. Nilianza kumsubiri tangu siku ya harusi, kabla hata ya kuwa na la kusubiri. Mume wangu naye alianza kuhangaika na mtandao siku hiyohiyo. Zahanati ya Ndau haina daktari, na mgonjwa aliyezidiwa huitiwa boti ya hospitali kwa simu. "Mwanangu hatozaa mahala simu haiitiki," aliniambia, na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji, kila afisa aliyekanyaga Ndau alisomewa habari hiyo kabla hajavua viatu.

Basi tulipopata habari kwamba wanakuja watu wa serikali kupima mtandao, nyumba yetu haikulala kwa furaha. Walipandia boti Mtangawanda na kufika asubuhi: mhandisi mmoja, mwanamke kijana wa bara, na mwenzake wa kubeba vyombo. Mhandisi hakulivua lile koti la kuelea mpaka alipoketi mkekani. Tulimcheka kidogo, kisha tukampenda, kwa sababu alizungumza nasi taratibu na hakutazama saa.

Alitueleza kwamba hewani kuna njia zisizoonekana zinazopitisha sauti na picha, nazo huitwa masafa. Ni mali ya umma, lakini hazitoshi kila mtu azitumie apendavyo, kwa hiyo serikali huzigawa: hizi za ndege, hizi za polisi, hizi za redio, hizi za simu. Za chini ndizo zinazofaa visiwa, kwani huvuka maji na kupenya kuta mpaka chumba cha ndani. Zilikuwa za televisheni za zamani, sasa zimeachwa wazi, na zitapewa kampuni ya simu kwa ajili ya intaneti ya miaka ijayo. Kampuni itakayopewa itawekewa sharti la kufika mahali pasipo na mtandao. Ndiyo sababu wao wamekuja, kutafuta mahali hapo ni wapi.

Mahali pasipo na mtandao. Alisema wazi, na sote tulisikia. Lakini kwetu mtu anayekuja kukagua huwa amekuja kuchagua. Wakija watu kuposa, huwaonyeshi chumba kinachovuja. Unatandika kitanda cha heshima, unafukiza udi, na binti anavaa la Idi. Na hivyo ndivyo tulivyoijua serikali miaka yote: barabara hupewa mwenye gari, na shule hupewa kijiji chenye mwalimu. Asiye na kitu hupita akaambiwa ngoja. Tuliogopa kuonekana hatuna kitu.

Kwa hiyo mume wangu, na wazee wa kamati nyuma yake, na nusu ya kijiji nyuma yao, walimpeleka mhandisi jiweni. Walimtandikia mkeka juu ya mwamba. "Pima hapa, mwanangu," mume wangu akamwambia. "Hapa ndipo pema." Mashine ikawaka, ikalia, na mwenzake akasema kwamba mtandao ni mzuri sana. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulifurahi kama watu waliofaulu mtihani, na kweli tulikuwa tumefaulu.

Mhandisi alitaka kuzunguka kijijini apime na kwenye nyumba. Lakini chakula kilikuwa tayari, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mgeni haondolewi kwenye sinia. Alipomaliza kunawa, nahodha alikuja kusema maji yanakupwa na boti itakaa juu ya mchanga. Wakaondoka mbio, wakitushukuru. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone, na jioni ile tulimwona mgeni wetu kuwa dawa.

Ilipita muda mrefu hata tukaitwa Amu, mkutano wa wananchi, kuonyeshwa matokeo. Nilifuatana na mume wangu kwa kuwa nilitaka kuwaona ndugu zangu. Ukumbini palikuwa na bwana mkubwa mwenye tai, na ukutani ramani ya visiwa vyote imetiwa rangi. Kijani ni mahali palipofikiwa, nyekundu ni mahali ambapo kampuni imelazimishwa kufika. Nilitafuta Ndau. Ilikuwa kijani yote, kutoka ncha mpaka ncha, mashamba na mikoko na nyumba yangu ndani yake.

Mume wangu alisimama. Alieleza jiwe lilivyo. Bwana mwenye tai alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kipimo kilichukuliwa Ndau kwenyewe, mbele ya kamati, na kilikuwa kizuri. Orodha ya sharti imefungwa. Masafa yameshapewa kampuni, na leseni ni ya miaka mingi. Mwalimu mmoja wa Shela akauliza, basi watu wa Ndau hawawezi kuweka kimnara chao wenyewe, cha kijiji, watumie masafa hayo ambayo juu ya kisiwa chao hayatumiwi na mtu? Bwana akasema hapana. Masafa yana mwenyewe. Atumie asitumie, mwingine akiyagusa ni kosa la jinai.

Mimi nimezaliwa Amu, na nilielewa palepale. Mtaani kwetu kuna gofu la nyumba ambalo warithi wake wako Uarabuni na hawajulikani watarudi lini. Paka wanazaliana humo, ukuta unamwangukia jirani, na hakuna aliye na haki ya kuweka hata kibanda cha mahamri. Hewa ya juu ya paa langu imekuwa gofu. Nilitoka ukumbini nimejaa hasira, na mume wangu alitembea nyuma yangu mpaka gatini.

Binti yetu alikuja kuzaa hata hivyo. Baba yake alimwambia abaki Mombasa, akamwambia kwa ukali, jambo ambalo si tabia yake. Yeye akasema nyanya zake wote wamezaa visiwani na anataka mama yake. Unamjibu nini mtoto anayekutaka? Nikamtandikia chumba cha ndani.

Uchungu ulimshika baada ya adhuhuri, kweupe, siku njema isiyo na upepo. Muuguzi wa zahanati, Mkristo kutoka bara, msichana hodari ambaye sina la kumlaumu, alikuja mara moja. Mwanzo alikuwa akitania. Damu ilipoanza akaacha kutania. Aliniambia anataka boti ya hospitali, na anataka kusema na daktari wa Amu sasa hivi, lakini mikono yake hawezi kuiondoa alipoiweka. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alichukua simu akakimbia jiweni.

Boti aliipata, baada ya simu kukatika na kukatika tena. Daktari naye akampata. Lakini daktari alikuwa na maswali. Damu inatoka kiasi gani? Njia imefunguka kiasi gani? Mtoto anacheza? Mume wangu hakujua, na wa kujua alikuwa ndani ya nyumba ambamo simu haiiti. Akashuka jiweni, akakimbia nyumbani, akayasema maswali yale akiwa nje ya pazia, muuguzi akamjibu, akakimbia kurudi. Kila alipofika juu, jibu alilobeba lilikuwa limeshapitwa.

Baba kwetu hata neno mimba halitamki mbele ya bintiye. Siku ile alisimama juu ya jiwe, saa ya wanaume, mbele ya watu anaosali nao safu moja, akayataja ya mwili wa mwanawe kwa sauti ya juu, tena na tena, kwa sababu daktari hakuwa akisikia vizuri. Wanaume wote walimpa mgongo. Walizungumza yao kwa nguvu, kama ilivyo adabu, ili wasisikie, na mmoja aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyekuwa akisema neno lenye maana.

Mtoto alitoka kabla ya boti. Alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, na hakulia. Muuguzi alifanya yote niliyomwona akifanya na mengine ambayo sikuyaelewa. Boti ilipofika maji yalikuwa yamekupwa, ikasimama mbali, na vijana wakambeba binti yangu kwenye tope mpaka kiunoni. Yeye alipona. Alikaa hospitali Amu, kisha mumewe akaja kumchukua, na tangu hapo hajarudi Ndau. Nikipanda jiweni humpigia. Tunaulizana hali, ananiambia hajambo, kisha tunaulizana tena mpaka simu inakatika yenyewe.

Watu walikuja kutupa pole wakasema ni kadari. Naam, ni kadari, na mimi ni mtu wa swala tano. Lakini si kadari iliyotia rangi ile ramani. Mume wangu alijiuzulu uenyekiti bila kuombwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililommaliza. Kama wangemtukana angejitetea, angesema wote mlikuwapo, wote mlikula. Badala yake wakampisha safu ya mbele msikitini kama mgonjwa. Jiweni hakwenda tena. Simu yake aliniachia mimi.

Mwaka huu yule mhandisi alirudi. Ni yeye yuleyule, amenenepa kidogo, na safari hii hakuvaa koti la kuelea. Alisema wanatayarisha mgao mwingine wa masafa, wa mitandao ya kasi zaidi inayokuja, na kabla ya kugawa ni lazima wajue ya kwanza yamefika wapi. Alikuwa anaelekea jiweni peke yake, kwani njia aliikumbuka. Kijiji hakikumfuata. Mume wangu alikuwa kibarazani, na nilishangaa kumwona anainuka.

"Mwanangu," akamwambia, "yeo usende jiweni. Nduo upime kwangu."

Mhandisi akamfuata ndani badala ya kwenda jiweni. Nilifungua pazia la chumba cha ndani, ambacho sijakibadilisha kitu, wala shuka ya kitanda ila kuifua. Mhandisi aliwasha mashine akaizungusha pole pole, akaiweka kitandani, akaiinua karibu na dari. Haikulia. Nilimwona usoni kwamba ameelewa, kwa sababu habari za Ndau zilikuwa zimemfikia njiani, na macho yake yalikuwa na machozi. Sikumchukia. Nilitamani kumchukia, ingekuwa nafuu.

"Hamna kitu, Mzee," akasema. "Hamna kabisa."

"Basi andika," mume wangu akamwambia.

"Siwezi." Alisema polepole, kama alivyotusemesha mara ya kwanza. "Kipimo lazima kichukuliwe palepale pa kwanza, ndiyo vilingane. Halafu ni nje tu. Ndani ya nyumba hatupimi, Mzee. Mashine yenyewe haitakubali niingize mahali pengine."

Mume wangu alifikiri. Hakuwa na hasira, mimi namjua akiwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyepewa agizo na anataka kulishika vizuri asije akakosea tena.

"Wewe wali ukisema masafa yapenya kuta," akasema. "Haya, nimefahamu, ndani hampimi. Basi mwenye utungu tumtukue akazae jiweni?"

Mhandisi alisimama kando ya kitanda na mashine mkononi, na mume wangu akamngoja ajibu, kwa sababu alikuwa amemuuliza kweli.